Injini, Choo na Wageni wa Posa

Nani kati yenu amewahi kumfungia baba mdogo chooni siku ya posa?

Mimi nimewahi. Hapa hapa Isiolo, miaka ya themanini, nikiwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne.

Injini kuukuu ya lori ilikuwa imekaa langoni kwetu, inavuja oili, na wageni wa kumposa dada walikuwa wanakuja wamevaa kanzu nyeupe. Baba alikuwa safarini Merti, kwa hiyo baba mdogo ndiye angewapokea.

Nikaamua kuiviringisha hadi pembeni: nikaiinua injini kwa jeki. Nikalaza boneti ya lori chini yake, na mabomba ya maji chini ya boneti.

Nikasukuma kidogo tu.

Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa mteremko wa uwanja. Injini iliteremka yenyewe mpaka chooni, ikabana mlango. Ndani alikuwa baba mdogo.

"Salaam aleikum!" Wageni hao, langoni.

Kimya. Mtu akiwa chooni hajibu salamu, na baba mdogo ni mtu wa dini sana; nami kwa aibu sikuthubutu kujibu badala yake.

Wakarudia. Kimya. Mzee wao akageuka. "Twendeni. Hapa hatutakiwi."

Dada akanichungulia kutoka dirishani, karibu kulia. "Sema kitu, wewe!"

"Mzee, yuko chooni," nikasema. "Mimi ndiye nimemfungia."

Walicheka, wakakunja kanzu, wakasukuma pamoja nami. Kanzu hazikuwa nyeupe tena.

Baba mdogo akatoka, akanawa polepole, ndipo akajibu:

"Waaleikum salaam. Msichana tumewapa. Ila na huyu fundi mwende naye."