Teodora na Ndege Yenye Roho Tatu

Siku daraja la Kigongo lilipofunguliwa, Teodora Mhoja alikaanga samaki thelathini kama kawaida yake, na jioni akarudi nyumbani na ishirini na sita. Hakuwa na ugomvi na daraja. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa amewaona wagonjwa wakingoja kivuko ndani ya magari huku ndugu zao wakitazama saa, kwa hiyo hakuna aliyemsikia akilalamika. Ila magari sasa yalipita juu, na yeye alikuwa chini na karai lake la mafuta ya moto.

Kazi yake pale kivukoni ilikuwa ya mbio. Kivuko kikigusa ufuko, wa kwanza kushuka ni waendao kwa miguu, wanaotaka chai ya kunywa wamesimama. Nyuma yao pikipiki, halafu magari madogo, mwisho mabasi, ambayo abiria wake hutoa mikono madirishani na kuonyesha vidole: samaki wawili, watatu. Alikuwa na dakika kama kumi za kuwahudumia wote kabla honi haijalia. Kisha kimya, mpaka kivuko kingine.

Alivumilia miezi mitatu bila wateja, akafunga meza, akahamia mjini, mtaa wa Mkuyuni, kwa mdogo wake Yeremia.

Yeremia ni fundi seremala na mzee wa kanisa, mtu mwenye moyo mzuri asiyependa kelele. Alimpokea dada yake kwa mikono miwili. "Dada, umefanya kazi ya kutosha," akamwambia. "Sasa pumzika." Mkewe, Odeta, naye hakumruhusu kugusa hata sufuria. Kila Teodora aliponyanyuka, Odeta alisema, "Wifi, kaa." Akakaa. Alikaa miezi miwili. Alikuwa na miaka hamsini na sita, magoti yake mazima, macho yake mazima, na watu wakawa wanaongea naye polepole kama mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji.

Mchana mmoja alitoka kununua mkaa, mvua ikamkuta njiani. Alijibanza kwenye baraza la nyumba moja yenye pazia la buluu mlangoni. Mwenye nyumba, mwanamume wa miaka thelathini na kitu aitwaye Khalidi, akafunua pazia.

"Shikamoo mama. Ingia ndani, utalowa."

"Marahaba. Humu mnauza nini?"

"Gemu tu, mama. Watu wanacheza."

Ndani kulikuwa na runinga tano. Kwenye nne, wanaume walikuwa wanacheza mpira na vita, askari wakitembea kwenye magofu na kuongea maneno mengi. Ya tano, pembeni, haikuwa na mtu. Kwenye kioo chake kulikuwa na ndege moja ndogo ya kivita upande wa chini, na namba juu, basi.

"Hii ndiyo ya zamani?" Teodora akauliza.

"Hapana, imetoka mwaka huu. Ila wameitengeneza kwa mtindo wa zile mashine za kale za kutumbukiza sarafu. Hizi nyingine zinaanza na sinema, unaambiwa baba yako ameuawa, halafu unafundishwa nusu saa namna ya kutembea. Hii haikuelezi kitu. Una ndege, una roho tatu, na wao wanakuja. Roho zikiisha, mchezo umekwisha."

"Wakija nafanya nini?"

"Unawakwepa, unawapiga. La sivyo wanakupiga."

Mvua ilikuwa bado inanyesha. Teodora akaketi, akashika padi, kile kishikio chenye vitufe, na Khalidi akamwonyesha kidole kipi kinakwenda wapi. Roho zote tatu zilikwisha kabla ya dakika moja. Alitazama kioo akisubiri kitu fulani, hakujua ni kitu gani. Baadaye alikuja kueleza kwamba alikuwa anasubiri kupewa pole. Miezi yote ile kila mtu alimpa pole. Mashine haikumpa. Ilimuuliza tu kama anaanza tena.

Akaanza tena.

Mara ya nne aliona jambo. Maadui wale hawakuja ovyo. Kwanza walishuka wadogo wenye kasi, waliotawanyika. Wakafuata wa katikati, wawili wawili, kwa mstari. Mwisho likaja jitu kubwa la polepole lililojaza kioo chote. Akatulia. Akaacha kuwafukuza wadogo mmoja mmoja, akajiweka mahali ambapo wangepita wenyewe.

"Hawa nawajua," akasema.

"Unawajua vipi, mama?"

"Wanashuka kama watu wa kivukoni."

Alirudi nyumbani mvua imekatika na mkaa amesahau. Odeta aligundua kwamba wifi yake siku hiyo alikuwa anatembea haraka.

Tangu hapo Teodora alikwenda kwa Khalidi kila mchana. Hakutangaza, wala hakujificha. Alivaa kanga yake, akapita barabarani, akawaamkia watu, akafunua pazia. Mchezo mmoja ulichukua dakika tano, zikizidi sana kumi, na ndani ya dakika hizo hakukuwa na nafasi ya kuwaza meza iliyofungwa wala chumba cha wageni alicholala. Akikosea, kosa lilikuwa lake, na alilijua papo hapo: alichelewa kushoto, au alikuwa na tamaa. Akipatia, namba ilipanda, na namba ile haikujua kwamba yeye ni mwanamke, wala mjane, wala mtu wa kuonewa huruma.

Mwisho wa mchezo, kumi bora waliandikwa kwa herufi tatu tatu. Juu kabisa palikaa CHE. Huyo alikuwa Chenge, dereva wa bodaboda, ambaye alicheza akiwa amevaa kofia yake ya pikipiki kichwani kwa mbwembwe. Mwezi wa kwanza jina TEO liliingia namba ya kumi. Mwezi wa pili lilikuwa la nne. Ndipo Chenge akamuuliza Khalidi, "Huyu Teo ni mtu wa wapi?" Khalidi akamwonyesha kwa kidevu mama aliyeketi pembeni, miguu pekupeku, viatu vyake vimepangwa chini ya kiti.

Habari zilifika kanisani kabla hazijafika nyumbani. Jumapili moja baada ya chakula, Yeremia alimwomba Odeta akae, akamwomba dada yake akae, akafunga mlango.

"Dada, akina mama wa kanisani wameniuliza jambo, nikakosa jibu," akaanza. "Wanasema unashinda kwenye vibanda vya gemu na vijana wahuni."

"Sishindi. Nakaa saa moja. Na hao vijana wana majina, wananiamkia kuliko watoto wa hao akina mama."

"Lakini ni mchezo, dada. Mtu mzima, mama wa heshima, kucheza?"

"Wewe kila Jumamosi unacheza bao pale kwenye karakana mpaka chai yako inapoa. Nani amekuitishia kikao?"

"Bao ni mchezo wa wazee."

"Na mimi ni mzee, Yeremia. Nimekuzidi miaka saba."

Odeta akainama kutazama mikono yake. Yeremia akasema kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma Teodora zaidi, "Mimi nataka upumzike tu. Hapa kwangu hukosi kitu. Nakuomba uache, yaishe."

"Nimekuelewa. Sasa nisikilize na mimi. Nilipokuwa Kigongo nilikuwa naamka najua ninachokiweza. Nimekuja hapa, mmenikalisha. Mnanipenda, najua, lakini mmenikalisha. Mle ndani nimepata kitu kinachonitaka niwe macho. Kinanipiga, nakirudia. Siombi radhi kwa hilo, si kwako, si kanisani. Wakitaka nisimame mbele ya watu niseme, nitasimama, na nitasema hivihivi."

"Kwa hiyo unanichagulia aibu."

"Aibu ni yako, umeichagua mwenyewe. Mimi nimechagua chumba."

Kumbe chumba cha kupanga alikuwa ameshakipata wiki iliyopita, hatua chache kutoka kwa Khalidi. Jumatatu asubuhi alifunga virago, akabeba karai lake mwenyewe kichwani, akakataa kusindikizwa. Alhamisi alikuwa anakaanga sato barazani kwa Khalidi, maana wachezaji wanatoka mle na njaa ya ajabu.

Chenge ndiye aliyeleta wazo la shindano, halafu akawa wa kwanza kulikimbia. Watu walikubaliana Jumamosi saa kumi alasiri, kila mmoja mchezo mmoja. Lakini siku yenyewe ilipofika, na wengine wote wakamaliza, wakabaki yeye na Teodora tu, akaanza kusitasita.

"Khalidi, mimi na mama siwezi," akasema. "Nikimshinda nitakuwa nimemshinda mama yangu. Akinishinda itabidi nihame mji."

Watu wakacheka. Teodora hakucheka.

"Mimi sijakuzaa," akamwambia. "Kaa ucheze."

Chenge akavua kofia. Ilikuwa mara ya kwanza watu kuuona upara wake mle ndani. Alicheza vizuri, haraka, kama anavyoendesha, akafikisha elfu themanini na nne na mia tatu. Hata yeye mwenyewe hakuwahi kufika hapo.

Teodora akavua viatu. Watu walisogea mpaka wakaziba mlango. Roho ya kwanza ilimpeleka mbali. Ya pili aliipoteza kijinga, akajisonya mwenyewe. Alikuwa na elfu sabini na moja alipoisikia sauti ya mdogo wake mlangoni. Kuna mtu alikuwa amempelekea habari kwamba dada yake amezungukwa na kundi la watu.

"Dada," Yeremia akasema. "Inuka twende. Watu wanakutazama."

"Nawasikia," Teodora akajibu bila kugeuka. "Subiri. Nimebakiwa na roho moja."

Hakuna aliyempisha Yeremia, kwa hiyo ilimbidi asubiri. Kwa kuwa hakuwa na pa kutazama pengine, akatazama kioo. Aliona ndege ndogo ikipenya katikati ya risasi kama sindano kwenye kitambaa, na vidole vya dada yake vikienda bila papara. Sabini na tano. Themanini. Lile jitu kubwa likashuka, Teodora akaanza kulimaliza kipande kwa kipande. Themanini na mbili. Themanini na tatu na mia tisa. Kisha risasi moja ya pembeni, ambayo hakuna aliyeiona ikija, ikamgonga.

Alikosa mia nne kumfikia Chenge.

Watu wakaachia pumzi. Chenge akapiga ngumi hewani mara moja tu, akaona haya, akashusha mkono.

"Haya, umeshindwa," Yeremia akasema, bila ubaya wowote. "Twende sasa."

"Nimeshindwa leo," Teodora akasema. Akachomoa sarafu kwenye pindo la kanga, akamnyooshea Khalidi. "Nianzishie."

Yeremia akaondoka peke yake.

Jumatano iliyofuata, kama saa nne asubuhi, Teodora alifikisha elfu tisini na moja. Hakukuwa na kundi wala kelele. Khalidi alikuwa anakaza skrubu za padi iliyoharibika, akainua kichwa aliposikia vitufe havibofywi tena. TEO lilikuwa juu ya CHE. Teodora alilitazama kwa muda, akavaa viatu, akaenda kuwasha moto wa samaki kwa kuwa wateja wa mchana walikuwa wanakaribia.

Kanisani bado anakaa benchi lilelile la pili. Hawakumwita mbele, naye hakuhama. Akina mama wawili walihama benchi, mmoja akarudi.

Yeremia hupita jioni akitoka karakana, akanunua sato wawili, mmoja wake na mmoja wa Odeta. Husimama barazani akizungumza habari za mbao, za mvua, za watoto. Siku moja pazia lilikuwa wazi, akachungulia, akaliona lile jina juu ya kioo.

"Teo ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi."

"Na huyo wa chini yako?"

"Chenge. Jana alikuwa juu yangu."

Yeremia alitikisa kichwa, akachukua samaki wake kwenye gazeti. Hajawahi kuingia ndani, na Teodora hajamwomba aingie. Siku hiyo Teodora alimtazama mpaka akakata kona, akaepua karai, akalifunika, kisha akapita penye pazia. Chenge alikuwa ameshakaa.

"Sogea," akamwambia.