Nilienda Kailo kumurudisha Neema

Jamani, leo mwanafunzi wangu amenikatalia mbele ya watu.

Neema alitoroka kwenye atelie yangu ya kushona hapa Kindu, akaenda kwenye machimbo ya Kailo. Nikamufuata na pikipiki. (Mgongo unauma mpaka sasa.)

Nikamukuta chini ya hema na mashine ya kushona ya mukono, wasichana wawili pembeni wakijifunza.

"Turudi nyumbani, mutoto wangu."

"Hapana, mama. Nikirudi, hawa nani atawafundisha?"

Nikamukumbuka mwalimu wangu. Wakati wa vita, mama aliyenifundisha kushona aliambiwa akimbie. Alibaki nasi, wanafunzi wake.

Nimemuachia Neema makasi yangu, nimerudi peke yangu.

Nimechoka, marafiki. Ninyi mungemulazimisha arudi?