Baba Anataka Nikawaombe Wasitujue

Admin, nifiche jina, na wenye kunitambua wanisitiri kwa ajili ya Mungu. Mie ni mwanamke wa miaka thalathini na saba, naishi Bawshar, hapa Maskat, na wazee wangu, sijaolewa. Baba na mama wamezaliwa Unguja wakaja Maskat mwaka sabini na kitu, na mpaka leo nyumbani tunasema Kiswahili.

Miaka kumi na mbili nyuma nilipendana na kijana tuliyekuwa ofisi moja. Mpole, mcheshi, swala zake hazimpiti. Akaleta wazee wake kuja kuposa. Baba akawapa kahawa na haluwa vizuri tu, walipotoka akasema, "Hawa Mazuti. Mwanangu simtii kwa wahunzi." Kwa asiyewajua, Mazuti ni watu waliokuwa wakihamahama hapa Oman, wakifua chuma na visu, wakitahiri watoto wa watu. Wasomi wanasema wana asili moja na wale Waroma wa Ulaya. Wenye makabila yao hawaoani nao. Nililia mpaka sauti ikanikauka. Mama akaniambia, "Nyamaza mwanangu, baba yako anajua anachokifanya." Yule kijana akaja akaoa kwao, na mie waliokuja baadaye sikuwataka, ndo nimekaa hivi.

Mwaka jana nikaingiwa na hamu ya kuandika shajara, yaani nasaba yetu, niwatundikie ukutani watoto wa kaka yangu. Kila nikimuuliza baba jina la babu yake, ananijibu, "Kayaulize makaburi." Mie nna ubishi, si mtu wa kujibiwa hivyo. Nikamwambia kaka anipeleke mji alikotoka babu kabla hajavuka kwenda Unguja, ndani huko nyuma ya milima. Pale msikitini tukamkuta mzee mmoja wa kabila letu, hilo lililoandikwa kwenye vitambulisho vyetu. Akalisikiliza jina la babu, akainamisha macho.

"Huyo alikuwa mhunzi wetu, mwanangu," akasema. "Ndiye aliyetutahiri sote hapa. Alipovuka bahari akachukua jina letu, na sie hatukumlaumu. Jamaa zake wapo, nyumba zile za mwisho."

Kaka akarudi garini, akajifungia vioo. Mie nikenda. Aliyenifungulia mlango nilimjua pale pale: mama yake yule kijana aliyekuja kuniposa. Akanikumbatia, akanikalisha, akaniletea tende. Hana hasira hata kidogo.

"Baba yako na marehemu mume wangu ni watoto wa ndugu wawili," akaniambia. "Tulikuja kwenu kwa kuwa tunajua ni damu moja. Na yeye akatukataa kwa kuwa anajua."

Jamani! Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa baba yangu hanoi kisu. Kila Idi hununua visu vipya, vya mwaka uliopita anavitupa, na akisikia mtu ananoa jikoni atapiga kelele nyumba nzima. Sie tukimcheka, tukisema mzee ana israfu. Kumbe kazi ile babu alimfunza tangu mdogo, akiogopa mtu asije akauona mkono wake ulivyoizoea. Nyani haoni kundule, wallahi.

Nilipomkabili hakukana. Alisema tu, "Tulikuja hapa na begi moja. Ningelisema, nani angelitupokea?" Tangu siku hiyo mimi na yeye ni salamu tu.

Sasa mdogo wangu, kitindamimba wetu, ameposwa na mtoto wa watu wakubwa. Hajui lolote maskini, anachagua nguo za usiku wa hina. Ami zake huyo bwana wamesema Alkhamisi watakwenda mji wa babu kuulizia ukoo wetu, ndiyo ada. Yule mzee wa msikitini ameshafariki, anayejua sasa ni yule bibi na wanawe tu. Juzi baba akaja chumbani kwangu, akakaa kitandani.

"Kule wewe wanakupenda," akasema. "Nenda kabla ya Alkhamisi. Kawaombe, wakiulizwa, waseme hawatujui." Akalia. Sijapata kumuona baba analia.

Nisipokwenda, mdogo wangu yatamkuta yaliyonikuta mie. Nikimwambia bibi harusi mwenyewe ukweli, sijui itakuwa kwa kumpenda au kwa kumlipiza baba. Wallahi sijui, na hilo linanitisha.

Jana nikampigia simu yule bibi, nikijidai namjulia hali tu. Hata salamu hazijesha akanikatiza, "Khabari za harusi zimetufika, mwanangu. Mwambie baba yako asihofu. Wakija hao watu tutasema hatuwajui. Sisi tumezoea."

Leo Jumanne. Nyie mliozaliwa na wazee wenye siri, nambieni mie nifanye nini. Nimwache bibi wa watu aseme hivyo?