Mchina Achangiwe?

Nianze na lililoniudhi, maana nikianza na adabu nitalisahau. Miaka niliyosoma Stockholm niliulizwa kama kwetu Nakuru kuna lifti. Niliulizwa kama nimewahi kulala njaa, na kama nyumbani tunalala na mbuzi. Rafiki yangu Mchina, msichana mwenzangu tuliyelala naye chumba kimoja, hakuulizwa hata swali moja kati ya hayo. Yeye aliulizwa baba yake ana viwanda vingapi. Mimi nilipewa umaskini, yeye akapewa utajiri, na hakuna kati yetu aliyeomba.

Chumba chetu kilikuwa Hässelby, huko mwisho kabisa wa reli ya kijani, ndani ya nyumba ya mjane mmoja Mswidi kwenye jengo la ghorofa. Kilikuwa na vitanda viwili, meza moja tuliyoisomea kwa zamu na dirisha lililotazama maegesho ya magari. Mwenye nyumba alikuwa mwema, lakini siku ya kwanza tu alinivuta pembeni jikoni akaninong'oneza kwamba nina bahati kupata mwenzangu mwenye uwezo, kwa hiyo kodi haitachelewa. Mwenye uwezo! Kodi yenyewe tuligawana nusu kwa nusu, na mwezi wa pili aliyechelewa kutoa nusu yake alikuwa huyo huyo mwenye uwezo.

Siku ambazo hatukuwa na vipindi tuliosha vyombo katika mkahawa mmoja mjini, unaouza chakula cha mchana kwa watu wa maofisini. Tulivaa aproni zilizofanana, mikono yetu ilichubuliwa na sabuni ile ile. Bado kuna wateja waliodhani mkahawa ni wa familia yake, na mimi ndiye nimeajiriwa. Mzee mmoja alimpongeza kwa biashara nzuri huku yeye ameshika ndoo ya maganda ya viazi.

Miaka hiyo vyuo vya Sweden havikutoza ada, hata kwa wageni wa kutoka mbali kama sisi. Ndiyo sababu yangu ya kufika kule, na ndiyo sababu yake. Mama yake alikuwa na kibanda cha vifungo na zipu sokoni, huko kwao Henan. Baba yake aliumia mgongo kwenye machimbo ya makaa ya mawe, na tangu hapo alikuwa mtu wa kukaa nyumbani. "Kungekuwa na ada," aliniambia siku moja akisugua sufuria, "saa hizi ningekuwa namtafutia mteja zipu ya rangi ya suruali yake." Alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayekuambia barabara iliyofungwa ni ipi.

Najua utaniambia kulikuwa na Wachina wenye hela pale chuoni. Walikuwepo, sikatai. Mmoja alikuja na gari lake, na mwingine alibadilisha simu kama mtu anavyobadilisha soksi. Sasa hata Kenya kuna watoto wa mawaziri wanaosoma Ulaya. Mbona hakuna aliyewahi kuniuliza mimi helikopta yangu nimeiegesha wapi? Mkenya tajiri akionekana, husemwa ni yeye peke yake. Mchina tajiri akionekana, wote wanavishwa joho lake.

Na koti nalo lilichangia. Alikuwa na koti refu la sufu, lenye manyoya shingoni, na akilivaa alionekana kama mke wa balozi. Alilikuta kwenye chumba cha kufulia cha ghorofa yetu, kwenye rafu ambayo watu huacha vitu wasivyovitaka ili anayevitaka achukue. Bitana ilikuwa imechanika kwapani, akaishona. Mimi nilikuwa pale, ndiye niliyemshikia tochi ya simu maana taa ya chumba chetu ilikuwa hafifu. Nyumba njema si mlango, lakini watu waliishia mlangoni, wakatazama yale manyoya, wakajua kila kitu.

Sasa tufike kwenye kibali. Kila mwaka mwanafunzi mgeni alitakiwa kuomba upya kibali cha kukaa, na ili akipate alipaswa kuonyesha akaunti yenye fedha za kumtosha kuishi mwaka mzima. Kuahidi tu hakukutosha, walitaka kuziona. Vibali vyetu viliisha msimu mmoja, na ule mwaka ndio mkahawa ulipunguza watu, tukapunguziwa siku za kazi wote wawili. Kufikia mwisho wa kiangazi, akaunti yangu ilikuwa inatia aibu, na yake ilikuwa dada wa yangu. Asiyeonyesha fedha alirudi kwao na nusu ya shahada, na nusu ya shahada haifuniki hata chungu.

Chuo kilikuwa na mfuko wa kuwasaidia wanafunzi waliokwama. Yeye ndiye aliyetangulia kwenda. Mshauri wa wanafunzi alimsikiliza vizuri, akatabasamu, akamweleza kwamba mfuko ule umekusudiwa wale wanaotoka nchi zenye shida, na kwamba wanafunzi wa China kwa kawaida husaidiwa na familia zao. Alimshauri azungumze na wazazi. Rafiki yangu alirudi Hässelby akanisimulia huku anacheka, na alipomaliza kucheka akajifunika shuka hadi kichwani. Wiki iliyofuata nilikwenda mimi. Nilipewa kahawa, nikapewa fomu, nikapewa na kisanduku cha karatasi laini endapo nitalia. Sikulia. Baadaye nikapewa na sehemu ya fedha nilizohitaji, kwa sababu ya sura yangu na pasi yangu. Hasira niliyokuwa nayo siku ile ninayo hadi leo, na siioni sababu ya kuiacha.

Sehemu iliyobaki ilibidi itoke kwa watu wangu. Nilisali Husby, kitongoji kingine cha Stockholm, katika ukumbi wa kukodi, pamoja na Wakenya, Wakongo, Warundi na yeyote aliyejisikia nyumbani ndani ya Kiswahili. Wale watu walinilisha. Wengi wao walikuwa watunza wazee, wasafishaji, madereva wa basi, na bado hakuna msiba au harusi iliyowapita bila wao kutoa. Mama mwenyekiti wa kamati, Mkenya aliyeishi kule muda mrefu kuliko sisi wote, aliposikia habari ya kibali changu alisema neno moja tu: harambee. Akaniita jikoni kwake pamoja na wanakamati, tupange.

Pale jikoni nikajikaza nikasema lililonileta.

"Mama, naomba tuchangiwe wawili. Mimi na rafiki yangu tunayekaa naye. Yeye pia kibali kinaisha, na chuoni wamemnyima."

"Rafiki yupi? Yule Mchina?"

"Ndiyo, mama."

Waliangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha kweli, mmoja akaweka kikombe chini asimwage chai.

"Mchina achangiwe?" akasema mama mwenyekiti akijifuta macho. "Na sisi? Binti yangu, hao watu wanatujengea barabara nchi nzima, na wewe unataka niende kwa mama anayefua mashuka ya hospitali nimwambie atoe kwa ajili ya Mchina?"

"Mama yake anauza vifungo, mama. Sokoni."

"Vya dhahabu," akasema mwanakamati mmoja, na kicheko kikaanza upya.

Nilieleza habari ya machimbo, nikaeleza habari ya koti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nalala chumba kile, lakini hakuna aliyenisikia. Mwishowe mama mwenyekiti akanipigapiga begani akasema nisiwe na wasiwasi, nimlete tu huyo rafiki siku ya harambee, afurahi na sisi. Nikadhani wamelegea.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi mchana. Rafiki yangu alikuja na bakuli kubwa la mayai aliyoyachemsha kwenye majani ya chai na mchuzi wa soya hadi yakapata michoro ya kahawia. Alikuwa amevaa lile koti, maana hakuwa na jingine. Mlangoni tulipokewa kwa heshima iliyonitia shaka, tukapelekwa meza ya mbele, yenye kitambaa cheupe na maua ya plastiki. Kila aliyekulia kwetu anaijua ile meza. Ni ya mgeni rasmi, na mgeni rasmi wa harambee hualikwa kwa kazi moja, naye huwa anaijua kabla hajatoka kwake: anafungua mchango kwa kitita kinachowaaibisha wengine wasitoe kidogo. Rafiki yangu hakuijua. Alikaa akatabasamu, akaniambia watu wetu ni wakarimu sana.

Mchungaji, Mkongo wa Bukavu, ndiye aliyeshika kipaza sauti.

"Bandugu, leo Mungu ametuletea mugeni wa heshima. Ni mutoto wa Chine! Munajua Bachina biko na franga mingi, hata kule kwetu banajenga. Sasa tunamuomba asimame, afungue hii muchango na mukono yake ya baraka. Dada, umutafsirie."

Dada ni mimi. Kikapu kililetwa kikawekwa mbele yake. Ukumbi mzima ukanyoosha shingo. Yeye akanigeukia, bado anatabasamu, akauliza kwa Kiingereza wamesema nini, na mkono wake tayari umeingia kwenye mkoba, kwa sababu kikapu ni kikapu kila mahali duniani. Niliushika mkono wake, nikasimama.

Sikutafsiri. Nilisema kwa Kiswahili, na sikuhitaji kipaza sauti.

"Huyu hana hela. Anaosha vyombo na mimi. Koti alilovaa limeokotwa. Kibali chake kinaisha kama changu, na nilikuja kwenu nikawaomba mumchangie mkacheka, halafu mkamketisha hapa mbele mumkamue. Mzungu akitutazama akatuona njaa tupu, tunalia ubaguzi. Na hili mnalomfanyia huyu mnaliitaje?"

Mtoto mmoja akamuuliza mama yake kitu kwa Kiswidi, akanyamazishwa. Mama mwenyekiti alinitazama kwa jicho ambalo lingeweza kukaanga yai. Niliogopa, nakiri, maana watu niliokuwa nawagombeza ndio walioshika mwaka wangu mikononi mwao. Lakini kuogopa na kukaa chini ni mambo mawili.

Nilimgeukia rafiki yangu nikamwambia ukweli wote kwa Kiingereza, hata kile kicheko cha jikoni. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasimama, akatoa noti ya kroni ishirini, akaiweka ndani ya kikapu bila kuikunja, ionekane ilivyo. Akaniomba nitafsiri. "Waambie nimekuja kwa ajili ya rafiki yangu. Waambie mayai nimepika mwenyewe, wale yakiwa bado yana joto."

Nikatafsiri. Mama mmoja wa Kikongo akapiga vigelegele peke yake, kwa nguvu, na Mungu ambariki popote alipo. Nyuma yake nikamsikia mwanamume mmoja akimwambia jirani yake, "Wachina wanajua kuficha."

Walichanga. Nisiwanyime haki yao, walichanga licha ya mdomo wangu, na mayai yaliisha hadi wakabishania la mwisho. Fedha zilitosha mtu mmoja. Kwa ajili yake mchungaji alitangaza kikapu cha pili, na kikapu kile kikarudi na kitu cha kumnunulia tiketi ya treni ya mwezi. Usiku huo nilitaka tugawane changu, akakataa kabla sijamaliza sentensi.

"Dada," akasema, na hilo ndilo neno pekee la Kiswahili alilokuwa nalo, "nusu kwako na nusu kwangu ni wawili wanaorudi nyumbani. Chukua."

Nilichukua, na sijuti. Mimi sikuunda ile sheria, wala sikukitunga kile kisa cha viwanda vya baba yake. Nilionyesha akaunti yangu, nikapata kibali. Yeye hakuwa na cha kuonyesha. Aliondoka kabla theluji ya kwanza haijaanguka, na tasnifu yake ikabaki na sura mbili zisizoandikwa. Nilimsindikiza hadi uwanja wa ndege.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulikuwa tunakunywa chai ukumbini. Mama mwenyekiti akanisogelea na kikombe chake. Tulikuwa tumeshasalimiana tangu siku ya harambee, hatukuwa na uadui.

"Nasikia yule rafiki yako amerudi kwao."

"Amerudi, mama."

"Kwa ndege?"

"Kwa ndege. Angerudi na nini?"

Akatikisa kichwa polepole, akawageukia wanakamati wenzake.

"Basi nauli alikuwa nayo. Si niliwaambia?"

Niliweka kikombe changu mezani. Nikamwambia kwamba nauli ile ndiyo ilikuwa akiba yake yote, kila sufuria aliyosugua, na kwamba ilitosha kuondoka, haikutosha kubaki. Watu wakaanza kugeuka. Mama mwenyekiti akaniambia nishushe sauti, hapa ni kanisani. Sikuishusha.