Pamba ya Ba

Treni ilinishusha Nairobi asubuhi, baada ya kusafiri usiku kucha kutoka Butere kwenye benchi la daraja la tatu, nikiwa nimebanwa kati ya dirisha na mama mmoja aliyepakata kikapu cha kuku. Niliposimama mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi. Nilichechemea hadi Kawangware, kwa binamu yangu aliyekuwa amepanga chumba katika ploti ya mzee mmoja wa kanisa. Mzee yule alipotukuta tumekuwa wanne humo ndani, alisema kwa upole kwamba kuta zake si za mpira. Ndipo nikahamia Laini Saba, kando ya reli, na cheti changu cha sekondari ambacho hakuna ofisi iliyokuwa na haja nacho.

Aliyenipa kazi, na nafasi ya kulala chumbani mwake, alikuwa fundi wa magodoro, mtu wa kwetu, umri wa baba mdogo. Kazi yenyewe ilikuwa katika mtaa wa Wahindi, na tuliufikia kwa miguu, tukiwa tumechoka kabla hatujaanza. Fundi alikuwa na upinde mrefu kuliko mimi, wenye kamba ya utumbo wa mbuzi. Alipita uchochoroni akiigonga ile kamba, dung, dung, na wanawake wakachungulia madirishani. Godoro la pamba likilaliwa miaka kadhaa hushikana na kuwa gumu kama ubao. Sisi tulilipasua, tukaitandaza pamba uani, tukaichambua kwa kuipiga na ile kamba mpaka ikaumuka, kisha tukalishona upya. Vumbi lake lilitulia vifuani mwetu. Hata leo nikicheka sana, kicheko huishia kwenye kikohozi.

Katika mtaa ule watu hawakuhitaji kwenda mbali. Palikuwa na kinu cha kusaga ngano na dengu, dobi mwenye pasi ya makaa, kinyozi aliyetundika kioo chake kwenye ukuta wa nje, mzee wa tambuu, na duka la viungo ambalo mwenyewe aliishi nyuma yake na familia yote. Kisha Wahindi wasio raia wakaanza kunyimwa leseni za biashara. Kinu kikanyamaza. Kinyozi akaondoa kioo chake, pakabaki msumari. Fundi aligonga kamba yake uchochoro mzima na mara nyingine hakuna dirisha lililofunguka.

Mama wa yule mwenye duka la viungo alikuwa mteja wetu wa siku nyingi. Nyumbani walimwita Ba, yaani mama kwa lugha yao, nasi tukamwita hivyo hivyo. Kila tulipofanya kazi kwake aliweka kiti uani akatukodolea macho mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa mtindo wa mtaa mzima: pamba ya mtu haitoki nje ya ua wake, kwa sababu kulikuwa na mafundi walioiba pamba na kujaza sufi ya mti wa msufi, ambayo ni ya bei rahisi na haidumu. Godoro la Ba lilikuwa la harusi yake. Pamba ilitoka katika shamba la baba yake huko Gujarati, akavuka nayo bahari akiwa msichana.

Siku moja alituita. Familia ilikuwa inahamia Uingereza, na ua ulikuwa umejaa masanduku. Alitaka godoro lile ligeuzwe mablanketi mawili membamba ya pamba yanayoweza kukunjwa.

"Ba, kule kila nyumba ina hita," mwanawe alimwambia.

"Hita nalala na wewe," Ba akamjibu. "Mimi nalala na pamba ya baba."

Kwa kuwa uani hapakuwa na nafasi, alituruhusu tuipeleke Laini Saba. Nilidhani amechoka tu. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ametuamini.

Kwetu, mzee akienda safari ambayo huenda asirudi, hatumwachi aende na kile tu alicho nacho. Humwongezea, hata kama ni yai. Fundi alikuwa na sufi safi, laini, aliyoiweka kwa ajili ya kitanda chake mwenyewe. Aliitoa yote akaichambua pamoja na pamba ya Ba, huku akiimba wimbo wa kanisani.

Tulipompelekea, Ba alifumua mshono kidogo, akaingiza vidole, akasugua. Akaacha kusugua. Akasugua tena.

"Hii ya baba. Hii ingine ya nani?"

"Nimekuongezea, Ba," fundi akasema, bado anatabasamu. "Ni zawadi yangu. Ulale vizuri huko."

"Wewe natia maji kwa maziwa, nasema zawadi?"

Hakupiga kelele. Alikaa juu ya sanduku na yale mablanketi mapajani. Walikuwa wanasafiri keshokutwa. Mwanawe akasema basi, yaachwe. Ba akasema, "Kesho nachambua."

Kesho yake mwanawe alimleta Laini Saba kwa gari la duka. Tulimpa kigoda mbele ya mlango wetu, karibu na reli, na majirani wakajaa. Kijana mmoja wa karakana ya mabati akapaza sauti:

"Sasa fundi! Umeoa Muhindi?"

"Nani naoa yeye?" Ba akasema bila kuinua macho. "Hata pamba hajui."

Watu walicheka. Fundi hakucheka.

Sufi ni nyepesi kuliko pamba, kwa hiyo alipiga kamba polepole, sufi ikapaa, upepo ukaichukua juu ya reli. Lakini nyingi ilikuwa imeshikana na pamba, na hiyo ilibidi itenganishwe kwa vidole. Tulikaa watatu, vichwa vimeinama, mpaka macho yakatoka machozi. Jioni mwana wa Ba alipokuja kumchukua, rundo lililokuwa safi kabisa lilitosha mto mmoja. Ba aliushona mwenyewe, akaweka shavu juu yake.

"Natosha kichwa," akasema. Lile rundo kubwa lililobaki akamsukumia fundi. "Hii sasa yako."

Akaingia garini na mto wake.

Fundi alilitia rundo lile kwenye gunia, akalisukuma chini ya kitanda. Hakuliuza wala hakulilalia, ingawa kitandani alikuwa akitandika maboksi tangu alipotoa sufi yake. Mtaa wa Wahindi hakuutaja tena. Alipata kibarua Kawangware, kushona vitambaa vya magodoro ya sponji, na mimi nilikuwa namsaidia kukata. Masika maji yaliingia chumbani, gunia likaoza, akalitupa kando ya reli.

Hapakuwa tena na la kunishikilia Nairobi. Asubuhi niliyofunga mzigo wangu kwenda Kitale, nikijua sitarudi kuishi pale, fundi alitoa blanketi lake zito akalikunja vizuri. Aliunyoosha mkono kunipa, kisha akaurudisha.

"Unalitaka?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, ninalitaka. Ndipo akanipa.