Duara Saba Mgongoni Mwangu

Majira ya baridi ya huku kusini mwa bara, mwaka 2023, nikiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, nilibadilishiwa goti la kulia. Upasuaji ulifanyika Jumanne, tarehe 13 Juni. Nataja tarehe kwa sababu nilijifunza kuziandika nikiwa tayari mama wa watoto wanne, na kitu ulichokipata kwa kuchelewa hukiachi kidondoke.

Kidonda kilipona, maumivu hayakupata habari hiyo. Vidonge vikali vya hospitali vilinituliza, lakini vilinifanya nisinzie katikati ya sala, jambo ambalo kwa mjane anayeongoza akina mama wa kanisa zima si dogo. Kwa sababu ya kuchechemea, mgongo nao ukaanza kudai haki yake. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanitajia daktari wa tiba ya Kikorea, mwanamke mwenye kliniki mtaa wa Morningside, anayetibu kwa sindano nyembamba na vikombe. Nilimuuliza kwanza daktari aliyenipasua. Kwa kuwa nilikwisha kumaliza dawa ya kuzuia damu isigande, hakuwa na pingamizi, mradi sindano zisikaribie kovu, nisiache vidonge bila idhini yake, wala nisinywe mitishamba bila kumwambia. Nilianza tarehe 10 Agosti. Baada ya kwenda mara tatu, daktari huyo wa upasuaji mwenyewe alinipunguzia vidonge vikali.

Jumamosi ya tarehe 19, akina mama sita wa kanisa walikuja nyumbani kwangu mtaa wa Umbilo kunikanda kwa maji ya moto, kama tulivyozoea kufanyiana tangu kwetu Kongo mtu akijifungua au akitoka hospitali. Mtunza hazina wetu, mwanamke mwenye mikono ya kusonga ugali wa harusi, alinivua blauzi, akachovya taulo, akasimama. Mgongoni mwangu palikuwa na duara saba za zambarau, zimepangwa kama vifungo vya koti.

"Mama kiongozi, hii iko nini?"

"Ni vikombe. Ni matibabu."

"Vikombe vya chai?"

Mmoja akacheka, akatazamwa, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

"Bibi yangu alichanjwa kwa wembe, akaumikwa kwa pembe ya ng'ombe," akaendelea mtunza hazina, "na yule aliyemuumika alikuwa anaongea na wafu. Weye unatufundisha kila Alhamisi tusiende kwa sangoma, hawa waganga wa huku. Sasa mgongo wako umechorwa na nani?"

"Haukuchorwa. Ngozi imevutwa. Na Mkorea."

"Eish! Hata sangoma umeagiza wa ng'ambo!"

Walinikanda hata hivyo, maana maji yaliyochemshiwa mgonjwa hayamwagwi, ila walizikwepa zile duara kama watu wanaoruka madimbwi.

Kesho yake mchungaji aliniomba, kwa heshima, nijiweke kando na uongozi mpaka baraza la wazee lisikilize shauri. Nilikuwa nimeongoza miaka kumi na mmoja, tangu nilipomzika mume wangu, na hapo ndipo mahali pekee katika mji huu nilipoitwa kwa kazi yangu, si kwa msiba wangu. Kama ningeacha kwenda Morningside, shauri lingekufa lenyewe. Nilikataa. Mtu aliyemaliza sekondari akiwa darasa moja na rika la wanawe haogopi kutazamwa. Nikaliomba baraza limtume yeyote limtakaye akaone kwa macho yake. Likamtuma mtunza hazina.

Jumanne tarehe 29 alifika kliniki na Biblia kifuani. Alikataa kiti, akakataa chai, na daktari alipotoa sindano ya kwanza akaanza kuomba kwa sauti ya kubomoa ngome. Daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliinamisha kichwa akangoja. Maombi yalipokwisha, akasema, "Amina." Kisha akatuuliza kwa Kiingereza tunasali kanisa gani. Yeye, alisema, husali kanisani kila alfajiri kabla ya kufungua kliniki.

"Kila alfajiri? Na watu wanakuja?" akauliza mtunza hazina.

"Wanakuja."

Mwenzangu akakaa. Alipoletewa vikombe alivigeuza, akavinusa, akatafuta wembe asiuone. Daktari akashika pampu ndogo ya mkono, akavuta hewa, na ngozi yangu ikapanda ndani ya kikombe kama mandazi kwenye mafuta.

"Mama kiongozi," akaninong'oneza, "shetani gani anatumia pampu?"

Nilicheka mpaka daktari akaniomba nitulie, kwa usalama wa sindano.

Baraza lilipokwisha kumsikiliza mtunza hazina, uamuzi ulisomwa Jumapili, tarehe 10 Septemba 2023, mara baada ya sadaka: sindano na vikombe vya aina hiyo ni matibabu, mgonjwa amjulishe daktari wake wa hospitali, na mama kiongozi arudi kwenye nafasi yake. Nilitembea hadi mbele, polepole kwa makusudi, ili kila aliyetaka kuona aone. Goti liliuma kidogo. Mchungaji akanikabidhi kipaza sauti, nami nikatangaza mkutano wa akina mama wa wiki hiyo, saa nane kamili, asichelewe mtu.