Katoni Kumi na Moja za Nyuso

Kati ya mwaka 1987 na 2006 wanaume wa Kariakoo walikuwa na koti moja. Lilikuwa la kijivu, limetoka kwenye belo la mitumba, na lilining'inia kwenye msumari nyuma ya pazia la studio ya Uledi Mwinchande, Mtaa wa Mchikichi, pamoja na tai ambayo fundo lake halikuwahi kufunguliwa. Mteja aliingia na fulana ya kuuzia machungwa, akatoka kwenye karatasi akiwa afisa.

Biashara ilikuwa nzuri. Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mtu alihitaji picha nne za paspoti: leseni ya duka, leseni ya udereva, pasi ya kwenda Dubai kufuata mzigo, fomu ya kuombea kitu ambacho zamani hakikuwa na fomu. Uledi alipiga, akasafisha gizani, akakata, akampa mteja nne zake. Negativu, ile filamu yenyewe, alibaki nayo. Ndivyo alivyofundishwa kazi: picha ya mteja, negativu ya studio. Aliitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika jina na mwaka, akaipanga kwa herufi. Na kwa kuwa bahasha huchanika, jina aliliandika pia pembeni mwa negativu yenyewe, kwa wino mweusi na mwandiko mzuri. Kamera za dijitali zilipoingia aliacha filamu, katoni hakuziacha. Zilikuwa kumi na moja, na kila mvua ilipopata njia kwenye bati alizihamisha.

Sasa ana miaka sitini na nne, goti la kulia halikunji, na watu wanajipiga wenyewe kwa simu. Mwenye nyumba amesema mwisho wa mwezi nyumba inavunjwa, linapanda ghorofa. Uledi hakubisha. Alikuwa na swali moja tu: katoni zile aziweke wapi? Chumba chake cha Magomeni kina kitanda, kabati na mke, na mke alishasema yake.

Jibu lilikuja Jumatatu, limevaa miwani ya bei mbaya.

"Shikamoo, Mzee Uledi. Mimi Jeet, mtoto wa Arvind."

"Marahaba. Arvind wa filamu?" Arvind ndiye aliyemuuzia filamu na karatasi miaka yote ile.

"Huyo huyo. Anasema studio zote mjini zimetupa vitu vyao, wewe tu ndiye hujatupa."

"Mwambie ni uvivu."

Jeet alieleza. Kampuni yake inafundisha mashine kutambua sura za watu: kwenye simu, kwenye mlango wa ofisi, uwanja wa ndege. Mashine hizo zimelishwa sura za Wazungu mpaka zimevimbiwa. Zikikutana na mtu wa Tandale zinababaika. Zinataka sura za hapa, hasa za mtu yule yule miaka tofauti, zijue mtu anavyozeeka.

"Anavyozeeka mbona tunajua."

"Mashine haijui, Mzee. Na majina hatuyataki, nyuso tu. Jumamosi nakuja na pikapu, nabeba zote, na wewe unapata chako."

Uledi aliangalia katoni, akaangalia goti. "Njoo na watu wa kubeba," akasema.

Mambo yangeishia hapo, na Uledi angelala usingizi wake. Lakini Jeet alitaka kufanya jaribio kwanza. Alichomoa bahasha arobaini kwenye katoni ya K mpaka M, akawa anainua negativu moja moja kwenye mwanga wa mlango na kuipiga kwa simu. Simu iligeuza weusi kuwa weupe yenyewe, kazi ambayo Uledi aliifanya miaka kumi na tisa gizani.

"Cheki hii, Mzee."

Kwenye kioo walikuwapo wasichana wawili, bega kwa bega. Mmoja ana sare ya shule ya msingi: Kuruthumu, 1988. Mwingine ana ushungi: Maimuna, 1990.

"Inasema huyu na huyu ni mtu mmoja. Asilimia tisini na saba."

"Bahasha zimechanganyika," Uledi alisema, haraka kidogo.

"Hazijachanganyika. Bahasha mbili, majina mawili, mtu mmoja! Unaona inavyofanya kazi? Hata mama yake asingejua."

Mama yake alijua vizuri sana, ndiye aliyepanga. Miaka ile mtoto akifeli darasa la saba ilikuwa basi, kurudia hakukuruhusiwa. Kwa hiyo watu, tena watu wengi, walitafuta jina la mtoto aliyeacha shule, mtoto wao akaingia darasani kwa jina hilo na kufanya mtihani upya. Kuruthumu alifeli kwa jina lake. Akafaulu kwa jina la Maimuna, binti aliyeolewa Rufiji kabla ya mtihani. Alipokuja kupiga picha ya fomu ya sekondari, Uledi alimkumbuka. Miaka miwili nyuma alimpiga ya kumaliza shule. Alimuuliza jina. Msichana akatazama sakafu. "Maimuna." Uledi akaandika Maimuna. Tangu hapo Kuruthumu ni Maimuna, na leo ni muuguzi wa zahanati moja Buguruni, amechoma sindano nusu ya watoto wa huko, na vyeti vilipohakikiwa alikonda kilo sita, akapita. Cheti ni halali kabisa. Mwenyewe tu ndiye si halali.

Jeet alipoondoka, Uledi alizichomoa bahasha zile mbili. Kisha akakaa, akajaribu kuwakumbuka wengine wa namna hiyo. Aliwapata saba. Wangapi walikuja kwa jina jingine na yeye asiwatambue, hakujua. Mashine ingejua kabla ya chai ya saa nne, na majina yapo pembeni mwa negativu, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Alimpigia Maimuna, naye akaja Jumatano baada ya zamu, baibui juu ya sare. Alikaa kwenye stuli ya wateja, na kwa mazoea akanyoosha shingo na kuinua kidevu. Uledi alimweleza yote.

"Nimebakiza miaka mitatu nistaafu kwa hiari, Mjomba," alisema. "Mitatu tu."

"Najua."

"Hizi negativu ulikuwa unatuwekea za nini?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza. "Ukipoteza picha, urudi nikusafishie nyingine."

"Aliwahi kurudi mtu?"

Uledi alifikiri. "Wawili."

Maimuna alicheka, akaziba mdomo kwa ushungi. Bahasha zake alizitia mkobani, lakini hakuinuka.

"Nilikosomea, eksirei za zamani tuliziosha kwa jiki," alisema akitazama katoni. "Picha inatoka yote, inabaki nailoni."

Alhamisi Uledi alinunua madumu manne ya jiki, akaweka beseni uani. Kazi haikuwa ngumu, ilichosha tu. Sura ililainika, ikavimba, ikatoka kama utelezi wa kijivu, na maji yakaenda mtaroni na leseni za watu. Ijumaa Candida, anayeuza wali uani hapo hapo, alishindwa kuvumilia.

"Mzee Uledi, siku ya pili hii unafua na nguo siioni. Unafua nini?"

"Watu."

"Basi wasuuze vizuri, wananinukia kwenye wali."

Jumamosi Jeet alikuta katoni nane zimeoshwa.

"Mzee! Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana. Nimevunja mimi, wewe huna kosa. Mwambie Arvind hivyo hivyo."

Jeet alichuchumaa, akainua ukanda wa nailoni, akatazama uani kupitia ndani yake. Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa na uso wa mtu anayeona chakula kinamwagwa.

"Hii ilikuwa historia ya mji, Mzee."

"Ndiyo. Sasa zile arobaini ulizopiga, zifute."

Jeet alibonyeza mara mbili tatu, akamwonyesha. Uledi alijifuta mikono, akavaa miwani. Walipokuwa wasichana wawili palikuwa peupe.

"Kabisa?"

"Kwenye simu zinakaa pembeni siku thelathini, halafu zinajifuta zenyewe."

"Na hiyo mashine iliyosema tisini na saba, ilizionea wapi?"

Jeet aliitia simu mfukoni. "Hiyo haipo kwenye simu. Ipo nje."

"Nje wapi?"

"Nje ya nchi. Mimi mwenyewe sijui. Nitawaandikia leo leo wafute. Niamini, Mzee."

Uledi alimtazama kama alivyotazama nyuso miaka thelathini na saba, mwanga wa mlango ukimpiga shavu la kushoto. Kidevu ni cha Arvind. Zaidi ya hapo hakuona kitu.

"Sawa," akasema.

Pikapu iliondoka tupu. Alikuwa kwenye katoni ya tisa Maimuna alipopiga.

"Zimefutwa," Uledi alimwambia.

"Zote? Hata alizopiga yule?"

Uledi aliweka simu kwenye sikio jingine, mkono ulikuwa unanuka jiki.

"Niamini," akasema.